Likizo mbili za Augustino, na hii yetu inayoisha



Wapendwa vijana, tarehe 27 Agosti Kanisa limemkumbuka Mtakatifu Monika, na kesho yake mwanawe, Mtakatifu Augustino. Kwa mwanafunzi kumbukumbu hizi mbili zinaangukia wakati wenye kelele. Likizo ndefu inaelekea ukingoni, tangazo la kufungua chuo limeanza kuzunguka kwenye magrupu, mzazi anapiga hesabu ya nauli na ada, mmoja anasubiri majina ya Bodi ya Mikopo, mwingine yuko ndani anasomea supu. Ukienda Misa siku hiyo unasikia habari ya mama aliyelia miaka mingi kwa ajili ya mtoto aliyepotea, unaitikia amina, unarudi kwenye simu yako.

Wiki hizi za mwisho za likizo nimekuwa nasoma Maungamo ya Augustino, hasa kitabu cha pili na cha tisa, pamoja na vile vitabu vidogo alivyoviandika kabla hata hajabatizwa. Tulivigusa tulipokuwa falsafa, lakini kule unasoma huku mtihani unakukodolea macho. Safari hii hakuna aliyekuwa ananisahihisha, na nimeona kitu ambacho sijakisikia kikihubiriwa: Augustino naye aliwahi kukaa nyumbani likizo kama sisi. Kuna likizo mbili kubwa katika maisha yake, na baina ya hiyo moja na nyingine kuna miaka kama 15.

Ya kwanza alikuwa na miaka 16. Alikuwa anasoma Madaura, mji usio mbali sana na kwao Thagaste, ambako leo ni Algeria. Hela ikakata. Baba yake, mzee Patricius, hakuwa tajiri. Alitaka kijana aende Karthago kwenye masomo makubwa zaidi, lakini kwanza ilibidi akusanye ada, na ada haikukusanyika upesi. Kwa hiyo kijana akarudishwa nyumbani akakaa mwaka mzima bila shule. Watu wa mji walimsifu mzee huyo kwa kujikamua kuliko hata wenye uwezo, ili tu mwanawe asome. Augustino alipokuja kuandika habari hiyo akiwa askofu, aliikubali sifa hiyo ya baba yake, kisha akaongeza jambo zito: baba aliangalia sana kijana atakuwa msemaji wa namna gani, hakuangalia atakuwa mtu wa namna gani.

Wengi mnaosoma hapa mnaujua mwaka huo. Umemaliza kidato cha sita, chuo bado. Au umeahirisha masomo kwa sababu mkopo haukutoka. Asubuhi huna pa kwenda, jioni kijiwe kipo. Monika alimwita mwanawe pembeni akamwonya kuhusu wanawake. Kijana akayachukulia kuwa maneno ya kimama tu. Usiku walizurura mpaka wakachoka, na usiku mmoja wakaingia shamba la watu wakaukung'uta mti wa peasi. Nyumbani kwao peasi zilikuwepo, tena nzuri kuliko hizo. Wakaonja mbili tatu, mzigo uliobaki wakawatupia nguruwe.

Kuna wanaomcheka Augustino kwa kurasa zote alizoandika juu ya mapeasi. Jamani, mtu huyu alizaa mtoto nje ya ndoa, alikaa miaka na madhehebu ya Mani, halafu anachokililia ni matunda? Lakini someni vizuri anarudia nini. Anarudia kwamba peke yake asingeiba. Hakuwa na njaa, na peasi zenyewe hakuzitamani. Aliiba kwa sababu mtu alisema "twendeni", na mkishakuwa kundi, anayekataa ndiye anayeonekana ana kasoro. Hiyo ndiyo likizo ya kwanza: muda mrefu, marafiki wengi, na hakuna anayeuliza mnafanya nini.

Ya pili ilikuwa mwaka 386. Sasa ana miaka 31, ni mwalimu wa balagha Milano, mji wa mfalme. Kazi yake ni kuwafundisha watoto wa wakubwa ufundi wa kuhutubia, na yeye mwenyewe huandika hotuba za kumsifu mfalme. Ni ajira ambayo mzazi yeyote angechinja mbuzi. Mwezi Agosti hivi, yakatokea yale ya bustanini ambayo mmeyasikia mara nyingi: sauti ya mtoto, kitabu cha Mtume Paulo, machozi. Mahubiri mengi huishia hapo, kama sinema inapoandika mwisho. Maungamo hayaishii hapo. Kitabu cha tisa kinaanza na swali la kawaida kabisa: sasa kazini itakuwaje?

Zilikuwa zimebaki siku kama 20 kabla ya likizo ya mavuno ya zabibu, wakati ambapo shule na mahakama zilifungwa watu wakaenda mashambani. (Wa Dodoma mtanielewa haraka. Kwetu zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na msimu mmojawapo ni huu wa Agosti na Septemba. Ukipita Hombolo au Bihawana sasa hivi utakuta matenga barabarani.) Augustino alikwisha kuamua moyoni kwamba hatarudi tena kwenye kile kiti cha ualimu. Lakini hakukipiga teke. Alingoja hizo siku 20 ziishe, kimya, akiwa na maumivu ya kifua yaliyompa hata sababu ya kuwaeleza wazazi wa wanafunzi. Hakutaka kuacha kwa kishindo watu wakamgeukia kumtazama. Alijua kwamba baadhi ya ndugu Wakristo wangeweza kumlaumu: ukishajua kazi yako imejaa uongo, unakaaje hata saa moja zaidi? Yeye hakujitetea sana. Alisema huenda wana haki, akamwachia Mungu.

Likizo hii nimeulizwa na vijana zaidi ya mmoja: "Frateri, nirudi chuo au niache?" Mmoja moyo umetoka kwenye kozi aliyopangiwa. Mwingine anasikia wito, anataka kuingia malezi, na amebakiza mwaka mmoja wa shahada. Sina jibu moja kwa wote, na ukimkuta mtu mwenye jibu moja kwa wote, mkimbie. Lakini siku zile 20 zinanisaidia. Zamani sana kabla ya WhatsApp kulikuwa tayari na kishawishi cha kuacha kitu huku unaangalia nani anatazama. Mtu anaandika kwenye status, "nimechagua amani yangu," kabla hajaongea na mama yake. Augustino alikuwa na uamuzi mkubwa kuliko wote tutakaofanya, akautunza kimya kwa wiki tatu hivi, akaendelea kuingia darasani akifundisha watoto wa watu. Kama uamuzi wako hauwezi kukaa siku 20 bila kutangazwa, huenda bado haujawa uamuzi.

Na tuangalie aliacha nini hasa. Wengi wanadhani aliacha usomi. Hapana. Likizo ilipoanza alikwenda kwenye shamba moja nje ya Milano lililoitwa Cassiciacum, na huko alibeba vitabu, na alibeba wanafunzi! Vijana wawili, Licentius na Trygetius. Licentius ni mtoto wa Romanianus, yule tajiri wa Thagaste aliyesaidia kumsomesha Augustino. Ni kama mtoto wa mfadhili wako. Trygetius alikuwa ametoka jeshini, akarudi masomoni, na alipenda sana historia kama wazee wastaafu wa vita. Walikuwepo pia Monika, kaka mtu Navigius, rafiki yake Alypius, mwanawe Adeodatus, na binamu wawili ambao shule hawakuijua kabisa. Vitabu ni vilevile alivyovifundisha Milano: Cicero, Vergilius. Kilichobadilika ni kwamba hakuna tena aliyekuwa anasoma ili auze maneno kwa bei kubwa zaidi.

Hapa niweke neno, maana tunapenda kuhubiri mambo haya kirahisi. Nyumba ya Cassiciacum haikuwa ya Augustino. Ilikuwa ya rafiki yake Verecundus, mwalimu wa sarufi pale Milano, aliyewapa wakae muda wote waliotaka. Mtu akikuambia "acha kutafuta kazi, tafuta hekima," muulize kwanza nani analipa pango. Mzazi wako ameuza ng'ombe ili usome. Anataka uajiriwe, na wewe unataka uajiriwe, na hilo si dhambi. Augustino mwenyewe alikuwa na mama, mtoto na wanafunzi wa kulisha. Ninachokiona si kwamba kusoma kwa ajili ya kazi ni kubaya. Ninachokiona ni kwamba mtu anaweza kusoma miaka 15 mfululizo, tangu darasa la kwanza, bila kusoma hata siku moja kwa sababu anataka kujua. Anadesa, anakariri, anatapika kwenye karatasi, anasahau, anadesa tena. GPA inapanda. Halafu likizo inakuja, hakuna mtihani, na hapo ndipo inajulikana kama kuna kitu chochote anachokipenda.

Huyo Verecundus hadithi yake inanigusa kuliko zote. Mke wake alikuwa Mkristo. Yeye alitaka kuwa Mkristo, lakini alijiwekea kwamba kama ni Ukristo, basi uwe ule wa watu wasiooa, na yeye alikwisha kuoa. Kwa hiyo akabaki nje akiwa na huzuni, huku nyumba yake imejaa watu wanaojiandaa kwa ubatizo. Kijana anayedhani kwamba utakatifu ni wa masista na mafrateri, na yeye atafanya tu kuchangia harambee, amfikirie Verecundus. Baadaye aliugua, akabatizwa, akafa akiwa mwamini, wakati akina Augustino wako Roma. Augustino alimwombea Mungu amlipe kwa ile nyumba.

Basi, walisoma nini huko shambani? Hili lilinishangaza. Kabla ya chakula cha jioni walikuwa wakisoma nusu kitabu cha Vergilius kila siku. Mashairi! Ya kipagani! Na hapo mtu ametoka kuongoka wiki chache zilizopita. Katika Maungamo, miaka mingi baadaye, Augustino anajilaumu kwa kumlilia Dido, mwanamke wa kwenye hadithi, huku hajililii mwenyewe. Lakini kule Cassiciacum hakuwanyang'anya vijana kitabu. Licentius alikuwa mgonjwa wa mashairi, anatunga anasahau kila kitu. Augustino alimkemea alipozidi, akamwachia alipotulia.

Nasema hivi kwa sababu nyumbani nimeonekana na Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi mkononi, na mama mmoja wa parokia akauliza kwa upole wenye ncha kama hicho nacho kinasomwa seminarini. Kitabu kile kilitoka mwaka 1971, na kuna wakati kilipigwa marufuku shuleni. Jina lake limetoka kwenye litania ya Bikira Maria, na ndani yake kuna baba mlevi anayempiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana, akidhani ndiyo malezi. Mimi ninayejiandaa kuja kukaa kwenye kitubio nikiwasikiliza akina Rosa na akina baba Rosa, nisikisome kwa nini? Papa Fransisko aliandika barua Julai 2024 juu ya nafasi ya fasihi katika malezi, na humo alizungumzia kwa upendo hasa kitabu kinachopatikana katikati ya likizo, katika joto na upweke. Alikumbuka pia alipokuwa kijana, akifundisha fasihi shule ya Wajesuiti kule Santa Fe, Argentina, mwaka 1964 na 1965. Wanafunzi hawakutaka kitabu cha mtaala. Walimtaka García Lorca. Akawaambia cha mtaala wakasome nyumbani, darasani wakaanza na wanachokipenda. Hakuogopa kwamba kupenda kutawapoteza. Aliogopa zaidi wasipende chochote.

Lakini msije mkadhani Cassiciacum ilikuwa mbinguni. Siku moja walikuwa katika mjadala, na kila neno lilikuwa linaandikwa na mwandishi wa hati mkato, maana Augustino alitaka vitoke vitabu. Trygetius akasema jambo juu ya Mungu na Kristo, likamponyoka vibaya, akaomba lisiandikwe. Licentius akang'ang'ania liandikwe. Akacheka. Akafurahia mwenzake kuanguka. Mnalijua cheko hilo, lipo kila semina na kila darasa: mtu amejibu vibaya mbele ya mhadhiri, na nyuma kuna wanaotabasamu.

Augustino, mwalimu mzima, alitokwa machozi. Akawauliza kama ndiyo hali hiyo watakayoendelea nayo, kama hawaoni mzigo aliojitwika kwa ajili yao. Hakulia kwa sababu ya jibu bovu. Jibu bovu linarekebishwa. Alilia kwa sababu wameacha ajira, wameacha mji, wamekuja shambani kumtafuta Mungu, na ule ushindani wa Milano umewafuata mpaka huku, umekaa nao kwenye nyasi. Mmoja akaomba maneno hayo ya aibu yafutwe. Trygetius ndiye aliyesema hapana, yabaki, ili sifa waliyoitaka iwachape yenyewe. Na yamebaki. Miaka zaidi ya 1600 tunayasoma.

Mimi napenda seminari, na nitairudia kwa furaha. Lakini wala si siri kwamba hata katika nyumba ya Mungu watu huhesabiana alama. Tunasoma habari za unyenyekevu halafu matokeo yanabandikwa na kila mmoja anatafuta kwanza jina la mwenzake. Nikirudi sitaweza kuliondoa hilo kwenye ubao. Naweza tu kukaa karibu na yule aliyejibu vibaya.

Mjadala uleule ulikatizwa na Monika. Aliingia, akauliza wamefika wapi. Augustino akamwambia mwandishi aandike kwamba mama ameingia na ameuliza. Monika akashangaa: mnafanya nini? Lini nimesikia wanawake wanaingizwa kwenye vitabu vyenu hivyo? Mwanawe akamjibu kwamba yeye anaipenda falsafa ya mama yake kuliko anavyodhani. Na haikuwa kumpamba mzazi. Novemba 13 ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Augustino, wakakaa siku tatu wakijadili maisha yenye heri. Akauliza: je, mtu akiwa na kile anachokitaka, ana heri? Vijana waliosoma wakatulia. Monika, ambaye hakupita shule zao, akajibu: akitaka mema na akayapata, ana heri, akitaka mabaya, hata akiyapata ni mnyonge. Augustino alifurahi mno, akamwambia amefika kwenye kilele cha falsafa yenyewe, kisha akawaonyesha kwamba hata Cicero aliandika jambo la namna hiyo.

Ni Monika yuleyule, kwa njia, aliyemfokea Licentius kwa kuimba zaburi chooni. Kijana alijibu kwa utani kwamba Mungu angemsikia hata kama adui angemfungia humo. Nyumba ilikuwa ya watu, si ya sanamu.

Sasa wewe uliyekaa nyumbani miezi mitatu, umejadili na nani? Shahada ina hatari moja, na nadhani ya falsafa ndiyo mbaya kuliko zote: unarudi kijijini unajikuta umebaki na watu wawili tu wa kuongea nao, na wote wako mtandaoni. Kwenye jumuiya yetu likizo hii tulisoma Injili ya wafanyakazi wa shamba la mizabibu, Mathayo sura ya 20. Kila mmoja akasema neno lake. Mimi nilikuwa nimejiandaa na haki na neema, Aristotle akiwa mlangoni anasubiri kuitwa. Bibi mmoja, ambaye husomewa Injili na mjukuu wake kwa sababu hajui kusoma, akauliza: "Hawa waliosimama sokoni tangu asubuhi bila kazi mpaka saa kumi na moja, mchana walikula nini?"

Kimya. Watu walioko pale wamevuna zabibu za watu kwa kibarua. Wanajua kusimama. Katika miaka yangu yote ya falsafa sijawahi kulisikia swali hilo, na tangu nimelisikia sioni tena wale wa saa kumi na moja kama watu waliobahatika kulipwa bure. Wamefanya kazi nyingine tangu asubuhi: kusubiri, na njaa, na kuona wengine wakichaguliwa. Bwana shamba alilijua hilo kabla ya wasomi. Sijui bibi yule angeitwa nani Cassiciacum, lakini Augustino angemwambia mwandishi aandike.

Likizo ya Milano ilipoisha, Augustino aliwaandikia watu wa mji watafute mwalimu mwingine kwa ajili ya watoto wao. Akamwandikia pia Askofu Ambrosi, akamweleza makosa yake ya zamani na nia yake ya sasa, akamwomba amwelekeze asome kitabu gani cha Biblia ajiandae vizuri kwa ubatizo. Ambrosi akamwambia: Nabii Isaya. Augustino, mwalimu wa balagha, mtu aliyewahi kumsoma Aristotle bila mwalimu, akafungua Isaya. Hakuelewa. Akajaribu pale mwanzo, akaona na kwingine kote kutakuwa hivyohivyo, akakifunga, akasema atakirudia akishazoea zaidi lugha ya Bwana.

Kwangu hii ni kati ya sehemu nzuri kuliko zote katika kitabu cha tisa, na ni mistari michache tu. Hakudesa. Hakutafuta muhtasari ili akamjibu Ambrosi kwamba amekimaliza. Wala hakukata tamaa akasema Biblia si ya watu kama yeye, kama alivyosema akiwa na miaka 19. Alikuwa na Zaburi. Kule shambani alikuwa akizisali kwa sauti, hasa Zaburi ya 4, na anasema zilimwasha mpaka akatamani wale wenzake wa zamani wa madhehebu ya Mani wangekuwa karibu wamsikie bila yeye kujua wapo. Kuna wakati jino lilimuuma hata kuongea akashindwa. Akaandika kwenye kibao cha nta akiwaomba wenzake wamwombee, wakapiga magoti, maumivu yakaisha. Akaenda hivyo, na Zaburi alizozielewa, Isaya akiwa rafuni, mpaka Pasaka ya mwaka 387, Ambrosi alipombatiza pamoja na Alypius na Adeodatus.

Muhula unaokuja mimi nina somo la Manabii, na Isaya ndiye anaanza. Nimeshamweka kwenye begi. Zaburi ya 4 wale mnaosali Sala ya Usiku mnaikuta kila Jumamosi, kwa hiyo Jumamosi hii wengi wetu itatukuta njiani, kwenye basi au kwenye hosteli isiyo na shuka bado. Iko kwenye simu, ni aya nane tu. Mkiisali, mtajeni na yule anayewalipia ada.